Ng'ombe Mwenye Pembe na Shimo Lililo Wazi: Somo juu ya Ajali za Baiskeli na Magari

Masomo ya kusoma kwanza nyumbani: Kutoka 21:28–34, Kumbukumbu la Torati 19:4–6 na 22:8, Luka 19:1–10.



Liko neno tulilolizoea mno katika misiba yetu. Mtu akigongwa na gari akiwa juu ya baiskeli yake, tunakusanyika, tunachimba kaburi, tunatoa ubani, kisha mmoja wetu anasema, "Ajali haina kinga." Mwingine anaitikia, "Siku yake ilikuwa imefika." Baada ya hapo hakuna anayeuliza neno tena. Katika somo hili nataka tuulize. Maana kama ajali haina kinga, hakuna mwenye kosa. Na kama hakuna mwenye kosa, hakuna wa kutubu, hakuna wa kulipa, wala hakuna wa kubadili mwendo wake kesho.

Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa Mtwara. Hubebwa kwa baiskeli samaki wa Msimbati, mpunga wa bonde la Ruvuma, mihogo, mkaa, maji, mgonjwa wa zahanati na mtoto wa shule. Na barabara hizo hizo hupitwa na malori ya korosho wakati wa msimu, malori ya saruji tangu kiwanda cha Dangote kilipofunguliwa mwaka 2015, na siku hizi malori ya makaa ya mawe yanayotoka mkoa wa Ruvuma kuja bandarini. Wakubwa na wadogo wanatumia njia moja. Hebu tuone Maandiko yanatufundisha nini.

1. Shoka lililochomoka

Torati inakubali kwamba ipo ajali ya kweli. Watu wawili wanakwenda msituni kukata miti. Shoka linachomoka katika mpini, linampiga mmoja, naye anakufa. Mwenzake hakumchukia wala hakukusudia. Huyo alipewa mji wa kukimbilia, asije akauawa kwa kisasi. Basi si kila dereva aliyegonga ni mwuaji, na watu wenye mawe mikononi hawana haki ya kumhukumu pale njiani.

Lakini angalieni: hata mtu huyo hakurudi kwake siku ile kana kwamba hakuna lililotokea. Kitabu cha Hesabu, sura ya 35, chasema ilimpasa kukaa katika mji ule mpaka kuhani mkuu afe. Uhai uliopotea una uzito, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia.

2. Ng'ombe mwenye pembe

Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, na hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alizoea kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa asimfunge, mwenyewe ana hatia kubwa. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe alijua.

Hapa ndipo neno "bahati mbaya" linapotushinda. Dereva anayejua kwamba breki zake ni mbovu, akaondoka hivyo hivyo, ameonywa. Anayepita kila siku mbele ya shule saa ya watoto kutoka, naye ameonywa. Vivyo hivyo mwenye baiskeli isiyo na breki, ambaye husimama kwa kukandamiza ndala juu ya tairi: siku atakapoteremka mlima akashindwa kusimama, asiseme hakujua.

3. Shimo lililo wazi

Mtu akichimba shimo asilifunike, na punda wa jirani akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Hakumsukuma punda, aliacha tu hatari njiani. Tena mwenye kujenga nyumba aliagizwa kuweka ukuta mdogo kando ya dari, mtu asianguke. Hakungoja mtu aanguke kwanza. Huo ndio wajibu: huja kabla ya kosa.

Katika barabara zetu mashimo ya namna hii ni mengi. Lori huharibika, dereva huweka mawe na matawi kuwa alama, likitengenezwa huondoka na kuyaacha mawe katikati ya njia. Mwenye gari humwagiza dereva afike alfajiri, hali anajua kwamba saa hazitoshi kwa mwendo halali. Huyu mwenye gari hayupo pale ajali inapotokea, lakini shimo ni lake.

4. Nani abebe zaidi?

Tufanye hesabu kidogo. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali unaohitajika ili breki zilisimamishe gari huwa mara nne, si mara mbili. Mwendesha baiskeli akikosa, mara nyingi anayeumia ni yeye. Dereva akikosa, anayeumia ni mwingine. Kwa hiyo aliyeshika chombo kizito anadaiwa uangalifu mkubwa zaidi. Bwana wetu alifundisha kwamba aliyepewa vingi atatakiwa vingi.

Sheria za wanadamu zilichelewa kulifahamu jambo hili. Uingereza mwaka 1809 mtu mmoja aliweka mti kuvuka sehemu ya barabara. Mwingine akaja mbio juu ya farasi wakati wa magharibi, akajikwaa, akaumia. Mahakama ilisema kwa kuwa naye hakuwa mwangalifu, hapati kitu. Mwaka 1842 ilikuja kesi ya punda aliyeachwa barabarani amefungwa miguu ya mbele. Gari la farasi likaja kwa kasi likamwua. Mwenye punda alikuwa amekosa, lakini majaji walisema kosa lake halimpi mwenye gari ruhusa ya kumkanyaga mnyama ambaye angeweza kumwepa. Hatimaye mwaka 1945 sheria ya huko iliruhusu kosa kugawanywa: kila mmoja abebe sehemu yake. Nasi Tanzania mahakama zetu hupima vivyo hivyo, na fidia ya aliyeumia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake, lakini haifutwi yote.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1985, mwendesha baiskeli aliyeumizwa na gari hulipwa fidia ya majeraha yake hata kama alikosea, isipokuwa kosa lake liwe zito kupita kiasi. Na watoto na wazee wanalindwa zaidi. Fidia hiyo si adhabu. Ni kusema tu kwamba aliyeleta chombo kizito njiani abebe pia mzigo wa madhara yake.

5. Mfano wa kupima

Tuchukue mfano. Baba mmoja anatoka shamba saa moja usiku, na magunia mawili ya mkaa nyuma ya baiskeli, bila taa. Lori linaingia kijijini kwa kilomita 80, mahali penye kibao cha 50, nalo linamgonga kwa nyuma. Kosa ni la nani?

Msikimbilie kujibu. Baba yule hakuonekana, na hilo ni lake. Lakini taa za lori humulika umbali fulani tu, na dereva alikwenda mbio kuliko macho yake. Hilo ni lake. Kosa la mmoja halifuti kosa la mwenzake. Mimi mwenyewe niliendesha baiskeli bila taa miaka mingi, nikijiambia kwamba njia naijua. Sikufikiri kwamba taa si ya kuonea tu, bali ni ya kuonekana. Baadaye nilipopata gari, nikawa mtu wa kwanza kuwakaripia wasio na taa.

6. Baada ya ajali

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka dereva asimame, asaidie, na atoe habari polisi. Akihofia maisha yake, aende moja kwa moja kituoni. Aliyeumia apate fomu ya PF3 kutoka polisi. Ndugu zake waandike namba ya gari, waulize habari za bima, maana kila gari lapaswa kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, na wasitie sahihi karatasi wasiyoielewa kwa ajili ya fedha kidogo ya "yaishe". Ubani ni huruma, bali fidia ni haki. Moja haiwi badala ya nyingine.

Zakayo alipotubu hakusema tu kwamba anasikitika. Aliahidi kurudisha mara nne. Toba isiyorudisha kitu ni nusu ya toba. Naye aliyeumia, akiwa na sehemu yake ya kosa, aikiri bila kuficha, maana kusamehe hakuhitaji uongo.

Basi tukisimama tena kaburini, tusiseme upesi kwamba ajali haina kinga. Kinga nyingi tunazo: breki, taa, mwendo wa polepole, mawe yaliyoondolewa barabarani. Tunaloweza kuwa tumekosa ni kuzitumia.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni shimo gani lililo wazi katika barabara ya kijiji chetu, nani alifunike?
2. Baiskeli ngapi zilizoegeshwa nje ya kanisa Jumapili hii zina breki na taa?
3. Kwa nini ni rahisi kusema "siku yake ilifika" kuliko kuuliza nani alikosa?

Tuombe

Ee Bwana, uliyetuagiza kumpenda jirani, utupe kumwona njiani kabla hatujamfikia. Utusamehe tuliyoyatenda na tuliyoyaacha. Uwafariji waliofiwa, na uwape waliokosa moyo wa kukiri na kulipa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.