Unauza darubini? Angalia rangi ya kioo kabla ya namba

Leo tuongelee darubini, maana sisi tunaouza mtandaoni kutokea huku Mtabila tuko jirani na wateja wanaozihitaji kweli: waongoza wageni wa Gombe na Mahale, na wanaoingia pori la Moyowosi upande wa Kibondo. Mzigo ukirudishwa, nauli ya basi inatoka mfukoni mwako.

Wengi tunaposti "10x50, inavuta mbali" basi. Lakini darubini inaweza kuvuta vizuri na picha ikawa hafifu, na hapo tatizo mara nyingi ni utando wa lenzi. Kila uso wa kioo kitupu unarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga. Darubini moja ina lenzi na prizimu zenye nyuso 10, hata 16. Zikiwa 16 bila utando, jichoni unafika karibu nusu tu ya mwanga! Tena sehemu ya ule uliorudishwa inadundadunda ndani, picha inakuwa na ukungu. Jioni sokwe akiwa kivulini, mteja wako haoni kitu. Utando wa tabaka nyingi unashusha hasara hadi chini ya nusu asilimia kwa kila uso.

Kupima ni bure. Simama chini ya taa, inamisha darubini, tazama taa inavyojionesha kwenye kioo. Ukiona taa nyeupe kali, utando hakuna. Ukiona kijani au zambarau iliyofifia, huo ni utando mzuri. Chungulia na taa ndogondogo za ndani zaidi, kisha geuza upande wa jicho, maana nyingine zimepakwa mbele tu. Kwenye boksi tafuta herufi FMC, yaani nyuso zote zina tabaka nyingi, ila boksi linaweza kudanganya. Amini taa.

Zile za kioo chekundu? Zinapendeza kwenye picha, zinauzika haraka, lakini zinarudisha mwanga mwekundu na kila kitu kinaonekana kijanikijani. Mimi siziagizi.

Kwenye posti weka picha ya lenzi ikiwa chini ya taa. Na mwambie mteja asifute kioo kwa shati: apulize vumbi kwanza, maana punje za mchanga zinachuna utando.