Wembe Uondolewe Kabla Mtoto Hajaulilia

Wahenga walisema, Mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii ina maana yake, nayo yamhusu mtu mkaidi aliyeonywa mara nyingi akakataa kusikia, hata hana mwalimu mwingine ila maumivu. Lakini wako wazazi waitumiao kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, wakisema, "Mwache aungue kidogo, ataujua moto." Mtoto huyo si mkaidi. Onyo la asubuhi hawezi kulishika mpaka adhuhuri, wala hajui ya kuwa sufuria iliyokuwa baridi jana leo ina uji wa moto. Maneno matupu hayawezi kumlinda. Hulindwa kwa kuondolewa kitu chenyewe.

Tena kuna msemo mwingine, Ajali haina kinga, usemwao sana mtoto anapozikwa, kwa kuwafariji wazazi. Ni msemo wa huruma, lakini haifai kuufanya kuwa kanuni ya nyumba. Mwezi wa Desemba, mwaka wa 2008, mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la Afya na la Watoto, yalitoa taarifa juu ya jambo hili. Yalieleza ya kuwa watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifa kila siku ulimwenguni kwa ajali zisizokusudiwa na mtu, na ya kuwa angalau 1,000 kati yao wangaliweza kuokolewa kama njia za kinga zilizokwisha kujulikana zingalitumika kila mahali. Pamoja na ajali za barabarani, taarifa ilitaja kuzama majini, kuungua, kuanguka na sumu. Hizi nne za mwisho mara nyingi hutokea nyumbani au karibu na nyumbani.

PIGA MAGOTI UITAZAME NYUMBA YAKO

Mtu mzima huitazama nyumba akiwa amesimama, kwa hiyo haoni aonavyo mtoto. Basi piga magoti mlangoni, uingie polepole. Utauona mpini wa sufuria ukitokeza nje ya jiko, kitambaa cha meza kinachoning'inia na juu yake kikombe cha chai, na chupa iliyo chini ya kitanda. Utaona na vitu vidogo sakafuni: kifungo, sarafu, karanga. Karanga nzima yaweza kuziba njia ya pumzi ya mtoto mdogo, mpe iliyosagwa. Lililo baya zaidi ni betri ndogo ya mviringo kama kifungo, itumikayo katika saa na vitu vya kuchezea. Ikikwama kooni yaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja.

MOTO

Mahali pa kupikia pakiwa chini, moto uko sawa na uso wa mtoto atambaaye. Katika sehemu za Magharibi ya Kenya wako akina mama waliojenga jiko la udongo lililoinuka, na faida yake ni mbili: kuni hupungua, na mtoto hafikii chungu kwa urahisi. Asiyeweza kujenga jiko kama hilo na aweke uzio mfupi wa miti au mbao kuyazunguka mafiga. Mpini wa sufuria ugeuzwe upande wa ukutani. Usimpakate mtoto huku unakunywa chai, maana hata baada ya robo saa chai yaweza kumbabua. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yako. Kibatari kisiwekwe sakafuni wala karibu na pazia au chandarua. Tena jiko la makaa lisiachwe likiwaka usiku chumbani kwa ajili ya joto, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na wenye chumba wote waweza kufa usingizini.

Mtoto akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Vua nguo isiyogandamana na ngozi, kisha funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke kwa mganga wa hospitali. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Vitu hivi havipoozi moto. Huleta uchafu katika jeraha na kumpa mganga kazi ya kuviondoa kwanza.

MAFUTA YA TAA NA SUMU NYINGINE

Mafuta ya taa hufanana na maji, na chupa ya soda mtoto aijua kuwa ni ya kinywaji kitamu. Ukiyatia hayo katika hiyo, umemtega mtoto wako mwenyewe, hasa siku ya jua kali anapotafuta cha kunywa. Huko Afrika ya Kusini uchunguzi uliochapwa mwaka wa 1994 ulionyesha ya kuwa mahali palipogawiwa vyombo vyenye vifuniko visivyofunguliwa na mtoto, idadi ya watoto waliokunywa mafuta ya taa ilipungua karibu nusu. Kwa hiyo tumia chombo chake maalum, kifungwe vizuri, kiwekwe juu. Vivyo hivyo dawa ya panya, dawa ya kunyunyizia mimea, dawa ya kuogeshea ng'ombe na vidonge vya nyumbani viwekwe sandukuni, na sanduku lifungwe kwa kufuli.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa au maji ya chumvi. Hatari kubwa ya mafuta hayo ni kuingia katika mapafu, na akitapika yaweza kuingia mara ya pili. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, umpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe, hata kama aonekana mzima. Shida ya kupumua yaweza kuja baada ya saa kadhaa.

MAJI

Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa kadiri ya mwili wake. Akiinama katika ndoo hutangulia kichwa, wala hana nguvu ya kujiinua. Maji ya kina cha vidole vitatu au vinne yaweza kumwua, tena mara nyingi hazami kwa kelele, huzama kimya. Ndoo tupu na ilale kifudifudi, pipa na kisima vifunikwe, na tundu la choo liwe na kifuniko. Mtoto akioga katika karai, usimwache hata kidogo, wala usimwachie nduguye wa miaka mitano. Huyo naye ni mtoto.

KWA MWENYE CHUMBA KIMOJA

Labda msomaji wa mjini atasema, "Mimi nina chumba kimoja cha mabati, jiko na kitanda vimo humo humo. Niweke wapi?" Swali hilo ni la haki, nalo halijibiwi kwa kumlaumu mama anayepika huku mtoto yuko mgongoni na mwingine miguuni. Lakini chumba chembamba kina kuta zilizokwenda juu. Rafu moja ya mbao juu ya kichwa cha mtu mzima, misumari michache ya kutundikia na sanduku moja lenye kufuli vyatosha kuondoa sehemu kubwa ya hatari. Ubao wa kuzuia pembe ya jiko si gharama kubwa. Na wakati wa kuepua sufuria, baba aliyeketi mlangoni na amchukue mtoto. Kazi hii si ya mama peke yake.

Basi Jumamosi hii baba na mama wapige magoti pamoja, wazunguke nyumba kwa nusu saa, na kila kitu cha hatari kilicho katika kimo cha mtoto wakiondoe siku ile ile. Baada ya miezi mitatu wafanye tena, kwa sababu mtoto aliyekuwa akitambaa atakuwa anasimama, na aliyesimama atakuwa anapanda juu ya kiti.