Mahali pa Hadithi na Moyo wa Mtu

Watoto wa shule wakiulizwa habari ya mfano wa Msamaria mwema, hukumbuka upesi watu wake: kuhani, Mlawi, Msamaria, na yule aliyepigwa na wanyang'anyi. Njia huisahau. Lakini Mtakatifu Luka, katika sura ya 10, aitaja mwanzoni kabisa: mtu yule alikuwa akishuka toka Yeruzalemu kwenda Yeriko. Neno hilo la kushuka si bure. Toka mji ule wa milimani hata Yeriko, ulio chini ya usawa wa bahari, ni mwendo wa kilometa 25 hivi, na njia yateremka zaidi ya mita 1,000 kati ya majabali makavu. Mfano huo ukihamishiwa sokoni, yaelekea kuhani angesimama, maana watu wangemwona. Upweke wa njia ndio unaofunua moyo wa kila mpitaji.

Jambo hili hili laonekana, kwa upande wa giza, katika hadithi iliyotungwa juu ya Kongo. Joseph Conrad, baharia Mpolandi, aliupanda mto mwaka 1890 kwa meli Roi des Belges hata maporomoko ya Stanley, ndipo Kisangani ya leo. Mwaka 1897 alitoa hadithi fupi iitwayo An Outpost of Progress. Wazungu wawili, Kayerts na Carlier, waachwa katika kituo cha biashara ya pembe. Mmoja alikuwa karani wa idara ya simu, mwingine askari wa farasi. Kwao hawakuwa wabaya, kwa kuwa mkuu wa kazi, polisi na macho ya majirani viliwashika mkono.

Kituoni hapana wa kuwashika. Makola, karani wao kutoka Sierra Leone, awatoa wafanya kazi 10 kwa wageni wenye bunduki na kupokea pembe. Wazungu wakasirika, kisha wanyamaza, kisha pembe zaingizwa ghalani. Meli yachelewa. Vipande vichache vya sukari, vilivyowekwa kwa ajili ya ugonjwa, vyaleta ugomvi, na Kayerts ampiga risasi mwenzake asiye na silaha. Asubuhi meli yapiga filimbi ndani ya ukungu. Kayerts ajinyonga juu ya msalaba wa kaburi la mkuu aliyemtangulia.

Msalaba huo wastahili kutazamwa na kila katekista. Haukuletwa mwishoni ili kushtusha watu. Ulikuwapo tangu siku za kwanza, na Carlier mwenyewe ndiye aliyeusimamisha imara ardhini. Mwandishi aliyeuweka kiwanjani mapema hakuhitaji kuhubiri.

Basi, je, msitu uliwaharibu watu hawa? Wasomaji wengi husema hivyo, na Conrad mwenyewe mara nyingine aandika kana kwamba miti ina nia mbaya. Hapo asifuatwe. Kwa mzaliwa wa Opala msitu ni shamba, ni dawa, ni viwavi vya kula, ni njia ya kwenda kwa wajomba. Tena hadithi yenyewe yatoa ushahidi mwingine: mzee Gobila, mkuu wa kijiji cha jirani, aliwapenda Wazungu hao, na watu wake waliwaletea chakula. Waliacha baada ya wenzao pia kuchukuliwa. Upweke ule mkali wa mwisho, basi, haukutoka msituni. Ulizaliwa na tendo lililonyamaziwa. Bwana wetu, katika Marko sura ya 7, afundisha kwamba uovu hutoka moyoni. Mahali hupunguza mashahidi tu.

Mwalimu asiwape wanafunzi kazi ya kueleza miti na mto kwa ukurasa mzima. Maelezo ya namna hiyo huchosha. Awape kibanda cha mchuuzi kando ya Lomami. Mvua imeharibu barabara, mtumbwi wa kutoka Isangi haujafika, chumvi imebaki kikombe kimoja, na mama mmoja asiyejulikana abisha hodi usiku. Kisha waandike tena habari hiyo hiyo, lakini mchana, siku ya soko, na katekista wa kijiji ameketi mlangoni.