HESABU YA SAFARI YA NDEGE: NAIROBI HADI NEW YORK



Wapo kati yetu wanaojiandaa kwenda Marekani, na wapo watakaobaki wakisubiri simu. Wote wanahitaji kuijua karatasi ya safari. Tuchukue mfano wa safari ya Januari: kuondoka Nairobi 23:30, kufika New York 06:30. Mama mwenye mtoto mchanga akitoa hesabu hapo atapata saa 7, na atafunga maziwa ya saa 7. Lakini atakaa angani saa 15.

Kwanza, karatasi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na sisi huhesabu kuanzia alfajiri. 23:30 ni saa tano na nusu usiku. 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Pili, kila saa imeandikwa kwa majira ya mji wake. Jua hutuchomozea sisi mapema kuliko wao. Kuanzia Novemba hadi Machi, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Miezi mingine ni saa 7, maana Wamarekani husogeza saa zao mbele wakati wa joto. Basi katika mfano wetu: 7 + 8 = 15.

Umbali ni kama km 11,800. Chukua mpira, chora miji hiyo miwili, uvute uzi kati yake. Utaona njia fupi inapanda kaskazini-magharibi juu ya Sahara, ndipo ivuke Atlantiki. Ndege kubwa hukimbia karibu km 900 kwa saa, kwa hiyo ungetegemea saa 13 na kidogo. Zinazoongezeka zinatokana na kupanda na kushuka taratibu, kufuata njia zilizopangwa, na upepo wa huko juu, ambao huvuma kutoka magharibi na kuikabili ndege. Kenya Airways ilipoanza kwenda moja kwa moja mwaka 2018, kwenda kulipangwa saa 15 na kurudi saa 14. Upepo huo huisukuma ndege inaporudi.

Wengi wetu, hata hivyo, hubadilisha ndege njiani. Kwa kupitia London, Nairobi hadi London ni kama km 6,800, karibu saa 9. London hadi New York ni kama km 5,550, karibu saa 8. Hiyo ni saa 17 angani, bado hujaketi kusubiri ndege ya pili.

Kwa hiyo usibadilishe saa yako ya mkononi mpaka ufike. Dawa ya kila baada ya saa 12 uimeze kwa saa ya Nairobi, na uiweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Mwenye kuchoma sindano ya kisukari amwulize daktari kabla ya siku ya safari.

Nanyi mnaobaki: ndugu yenu aliyeondoka saa tano na nusu usiku kwa ndege ya moja kwa moja hatatua kabla ya saa nane na nusu mchana wa kesho yake kwa saa ya hapa kambini. Simu isipolia asubuhi, bado yuko angani. Na mkitaka kumpigia siku za Januari, saa mbili usiku hapa kwake ni saa sita mchana. Mkipiga saa mbili asubuhi mtamwamsha usiku wa manane.