Diski Ngumu Kwenye Redio ya Gari: Vidokezo Kabla Hujaichomeka

Diski ngumu ya terabaiti 1 ikijazwa MP3 za ubora wa juu, zile za kilobiti 320, inaweza kupiga muziki usiku na mchana kwa zaidi ya siku 280 bila wimbo kujirudia. Dar hadi Kigoma ni safari ndogo mno kwake. Tatizo ni kwamba redio nyingi za gari zilitengenezwa zikitarajia flashi ndogo, si mzigo huo. Ukitaka vielewane, anza hapa.

1. Angalia umeme kwanza. Tundu la USB la kawaida kwenye redio, yaani USB 2.0, hutoa miliampea 500. Diski ya kubebeka inapoanza kuzunguka huweza kutaka karibu mara mbili ya hizo. Dalili utazijua: kitaa kinawaka, unasikia tik, tik, tik, kisha redio inaandika kwamba hakuna kitu kilichochomekwa. Usikimbilie kuitupa, huenda ni nzima kabisa na umeme ndio haujatosha. Tafuta waya wa vichwa viwili: kimoja kiende kwenye redio, kingine kwenye chaja ya tundu la kiberiti. Ila chaja za bei ya kutupa huleta mvumo kwenye spika, unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Na zile diski kubwa za mezani zinazotaka umeme wa volti 12 kutoka kwenye adapta yake, ziache hukohuko mezani.

2. Fomati ni FAT32, labda kijitabu cha redio kiseme vingine. Diski nyingi hutoka dukani zikiwa na NTFS au exFAT, na redio nyingi hazizielewi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu dirisha la kufomati la Windows kwa miaka mingi limekuwa likikataa FAT32 ikizidi GB 32. Watu wakaamini haiwezekani. Inawezekana sana: FAT32 yenyewe inafika terabaiti 2, na zipo programu ndogo za bure za kuifanya kazi hiyo. Njia nyingine ni kuigawa diski na kuifanya sehemu ya kwanza kuwa FAT32 ya GB 32, maana redio nyingi husoma sehemu ya kwanza tu. Kumbuka kuhamisha vitu vyako kabla, kwa sababu kufomati hakuna huruma.

3. Usimwage nyimbo zote ndani. Redio zina kikomo cha idadi ya mafaili na mafolda, na ukikivuka hazilalamiki; zinaruka tu nyimbo zilizobaki. Hata kabla ya kikomo, redio yenye nyimbo elfu kumi za kukagua itakuweka ukisubiri kila unapowasha gari. Tenga mafolda machache: taarabu, rumba, singeli, kaswida au injili, na moja la watoto kwa ajili ya amani ya safari. Majina ya mafaili yaanze na 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2 na 10, redio nyingi zitaipiga ya 10 kabla ya 2. Nyingine hazijali majina kabisa, hufuata mpangilio ambao nyimbo zilinakiliwa, kwa hiyo nakili folda moja baada ya nyingine.

Jaribu pia kuzima gari katikati ya wimbo mrefu, kisha uwashe. Redio isiyokumbuka ilipoishia ni adhabu kwa mpenzi wa rumba ya Franco: “Mario” inapita dakika 10, na utaisikia ikianza upya kila kituo cha mafuta.

4. Gari la kutoka Japani lina mambo yake. Redio zake nyingi za FM huishia megahezi 90, hivyo stesheni nyingi za mjini huzipati, na ndiyo maana muziki wa kubeba unapendwa. Baadhi zina diski ngumu yao ndani, ya ramani na ya kunakili CD, lakini hazina tundu la USB. Fundi akichomoa betri, redio huweza kujifunga na kudai namba ya siri kwa Kijapani. Mwambie mapema aushikilie umeme kwa betri ya pili. Ukiamua kubadilisha redio, nenda dukani na diski yako mkononi, uichomeke palepale.

5. Joto na matuta. Sahani ya ndani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachoisoma kinaelea juu yake kwa nafasi isiyoonekana kwa macho. Tuta moja la ghafla linaweza kuvigonganisha. Diski nyingi za kubebeka hutakiwa kutumika kwenye nyuzi 35 au chini. Gari lililofungwa vioo juani saa nane mchana lilishazipita zamani. Ondoka nayo ukishuka. Ukiwa na uwezo, nunua SSD, haina kinachozunguka.

6. Piga stata kwanza, diski baadaye. Umeme hushuka kwa ghafla stata inapovuta.

7. Binafsi, diski ningeiacha nyumbani na gari nikalipa flashi. GB 64 hubeba zaidi ya nyimbo 6,000 za dakika nne, haisumbuki na matuta, na ikipotea nakala ipo. Ila ukiona flashi ya terabaiti 2 inauzwa kwa bei ya chipsi kuku, ujue ni ya kughushi: itapokea mafaili yote, kisha nyimbo za mwisho zitagoma kupiga. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, huijaza yote na kuisoma upya. Huchukua muda, kwa hiyo nunua asubuhi, ili ikifeli umkute muuzaji hajafunga.