Neno la Kwanza Siku ya Balaa

Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya kazi ya ofisa uhusiano, maana wako wanafunzi waitamanio kazi hiyo, lakini si wengi wajuao ni kazi ya namna gani. Wengine hudhani kuwa ni kuvaa vizuri, kukaribisha wageni na kuisifu kampuni. Hayo yamo, lakini ni sehemu ndogo. Kipimo cha kazi hii ni siku mambo yanapoharibika. Siku hiyo watu huuliza maswali matatu: Kumetokea nini? Nani ameumia? Nanyi mnafanya nini? Ofisa uhusiano ndiye amsaidiaye mkubwa wake kuyajibu.

Siku hizi kazi hii imekuwa ngumu zaidi kwa sababu ya mitandao ya kijamii. Zamani habari ilipita kwanza kwa mwandishi wa gazeti au wa redio, naye aliuliza huku na huku kabla ya kuitoa. Leo kila mwenye simu ni mpiga picha, tena ni mtangazaji. Basi nataka tutazame matukio mawili yaliyotokea katika mji mmoja, Chicago, nchini Marekani: moja la 1982, kabla ya mitandao hiyo, na jingine la 2017. Tukiyaweka pamoja tutaona lililobadilika na lisilobadilika.

Tukio la kwanza: Dawa yenye sumu

Mwishoni mwa Septemba 1982, watu saba wa Chicago na vitongoji vyake walikufa baada ya kumeza kapsuli za dawa ya maumivu iitwayo Tylenol. Kapsuli hizo zilikuwa zimetiwa sumu kali ya sianidi. Wapelelezi waliona kuwa sumu haikutiwa kiwandani, bali mtu alizichezea chupa baada ya kutoka huko. Hata leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Kampuni ya Johnson & Johnson, iliyokuwa ikimiliki dawa hiyo, ingaliweza kusema, "Sisi hatukuhusika, waulizeni polisi." Haikusema hivyo. Iliwaonya watu waache kumeza kapsuli zake yenyewe, ikafungua simu ya bure ya maulizo, na tarehe 5 Oktoba ikatangaza kuziondoa madukani nchi nzima. Zilikuwa chupa kama milioni 31, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Kabla mwaka haujaisha dawa ilirudi ikiwa imefungwa kwa vifungo vitatu, ili mnunuzi atambue kama imefunguliwa. Wako waliokwisha kusema kuwa jina la Tylenol limekufa, lakini wanunuzi walirudi.

Mwenyekiti wa kampuni wakati huo, Bwana James Burke, alieleza kuwa waliongozwa na azimio la kampuni lililoandikwa tangu 1943. Azimio hilo lasema kwamba wajibu wa kwanza ni kwa wale wanaotumia bidhaa zake. Wenye hisa wametajwa mwisho.

Tukio la pili: Abiria aliyeburutwa

Tarehe 9 Aprili 2017, abiria walikuwa wameketi katika ndege ya United Airlines, tayari kutoka Chicago kwenda Louisville. Kampuni ilitaka viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wake waliohitajika huko. Iliahidi malipo hadi dola 800 kwa atakayekubali kushuka, lakini hakuna aliyekubali. Basi wakachaguliwa abiria wanne. Mmoja wao, daktari mwenye umri wa miaka 69, alikataa, akisema kuwa ana wagonjwa wa kuwatibu kesho yake. Walinzi wa uwanja wa ndege waliitwa, wakamtoa kwa nguvu na kumburuta akivuja damu mdomoni. Abiria wenzake walipiga picha kwa simu, na punde zikasambaa katika Facebook na Twitter, ambayo sasa huitwa X.

Siku ya pili mkuu wa kampuni, Bwana Oscar Munoz, alitoa taarifa ya kuomba radhi, lakini aliomba radhi kwa "kuwapangia upya" abiria nafasi za kusafiri. Siku iyo hiyo barua yake kwa wafanyakazi ilijulikana nje. Humo alimweleza abiria yule kuwa ni mkorofi, naye aliwaunga mkono wafanyakazi wake. Watu walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao, kwa hivyo maneno hayo yaliwatia hasira zaidi. Tarehe 11 Aprili bei ya hisa za kampuni ilishuka, na ndipo Bwana Munoz alipotoa taarifa nyingine ya kukiri kuwa abiria hakustahili kutendewa vile. Mwisho wa mwezi kampuni ilipatana na abiria huyo, ikabadili kanuni zake, ikaruhusu malipo hadi dola 10,000 kwa atakayekubali kuacha kiti chake. Ajabu ni kuwa mwezi mmoja tu kabla ya hapo, jarida la kazi hii, PRWeek, lilikuwa limempa Bwana Munoz tuzo ya mwasilianaji bora wa mwaka.

Twajifunza nini?

Mtu aweza kusema kuwa matukio haya hayalingani, maana kampuni ya dawa ilitendewa ubaya, na ile ya ndege ilihusika yenyewe katika ubaya. Ni kweli. Lakini hiyo yazidi kuonyesha kosa lilipo: asiye na hatia alianza na walio hatarini, na mwenye kosa alianza na kujitetea.

Lililobadilika ni muda. Toka vifo vya kwanza hadi kuondolewa kwa chupa zote zilipita kama siku sita. Mwaka 2017 hazikupatikana hata saa ishirini na nne. Kwa hiyo hapana tena nafasi ya kukaa kitako siku ya balaa na kuulizana ni nani wa kutangulizwa. Jambo hilo hapana budi liamuliwe mapema, siku ya amani.

Tuchukue mfano wa kubuni wa karibu nasi. Bweni limeshika moto usiku. Kabla mkuu wa shule hajafungua ofisi, picha ya moshi imewafikia wazazi. Taarifa moja yaweza kusema: "Wazazi wapuuze uvumi wa watu wasioitakia shule mema." Nyingine yaweza kusema: "Moto umetokea katika bweni moja saa nne usiku. Wanafunzi wote wamehesabiwa. Wawili wamepelekwa hospitali, na wazazi wao wamekwisha kupigiwa simu. Chanzo bado kinachunguzwa. Tutatoa habari tena saa sita."

Taarifa ya pili haina maneno ya fahari. Lakini mzazi aliye mbali hataki sifa za shule; ataka kujua kama mwanawe yu hai. Imeanza na watu, imesema linalojulikana, haikubuni lisilojulikana, tena imetaja saa ya kurudi. Saa sita ikipita kimya, watu watajaza kimya hicho wenyewe.

Nanyi wanafunzi, mnapokuwa likizo na simu mkononi, mna wajibu pia. Picha ya aliyeumia isitangulie kumfikia mama yake kabla hajaambiwa na mtu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mazoezi

1. Iandike upya taarifa ya kwanza ya kampuni ya ndege, kwa maneno yasiyozidi hamsini.
2. Maji ya kisima cha kijiji chako yamegundulika kuwa na uchafu. Ni nani waambiwe kwanza, na kwa njia gani, ukikumbuka kuwa si wote wenye simu?
3. Ofisa uhusiano aagizwa na mkubwa wake kuandika jambo ambalo ajua si kweli. Afanye nini? Toa sababu zako.