Viatu vya Mjamzito Safarini

Swali: Mjamzito wa miezi sita anayekwenda kutembea Mji Mkongwe, Zanzibar, avae viatu gani vya starehe na vya kupendeza?

Jibu: Kwa kuwa relaksini, homoni inayolegeza kano zinazounganisha mifupa, huweza kuufanya unyayo utandazike na hata kurefuka, viatu vya zamani huenda vikabana, hivyo vipya vijaribiwe jioni, miguu ikiwa imevimba, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Makubadhi yenye soli laini ya ngozi huvutia, lakini huteleza na hayashiki kisigino. Sandali za shanga zenye mkanda wa nyuma unaorekebishika na soli nene ya mpira hupendeza vilevile, na ndizo bora. Ama kuhusu uvimbe, mbali na ule wa miguu, uso au mikono ikivimba ghafla, hasa kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, aende hospitali mara moja, kwani hali hiyo huweza kutangulia kifafa cha mimba.